Nailoni Kwenye Kioo

Benchi la pale kona lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa bomba la antena, na ukikaa upande wa bomba usicheke kwa nguvu, utaanguka. Limebanwa kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi wa madishi, limeutazama mtaa mzima mpaka kule chini uliposimama mnara wa kituo cha televisheni. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini anawagombeza wote kama vile amewalea. Sheria yake ni moja: kikombe cha mwisho hakiuzwi. Anapewa atakayeuliza swali ambalo benchi zima limeshindwa kulijibu, na hapo watu hutawanyika. Mara nyingi kikombe hicho humwagwa chini, maana watu wa pale hawajawahi kukiri kwamba wameshindwa kujibu kitu.

Alasiri hiyo Kinyozi alitoka kibandani na taulo begani, akakaa upande wa bomba bila kuangalia. Redio ilikuwa imeshasema. Vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilitaka kuungana na kufungua mtandao mmoja wa kutazama vipindi kwenye simu na televisheni, na Tume ya Ushindani imekataa. Wenzake walivyomwona anavyokaa, wakajua kasikia. Hakuna aliyempa pole. Wanaume wa benchi lile hawajui kupeana pole, wanajua kubishana, basi wakabishana.

— Wametumaliza! — alianza Antena, yule fundi wa madishi, koleo bado mkononi. — Kidole kimoja hakivunji chawa. Mitandao ya nje inakuja na sinema kama mchanga, halafu wa kwetu watatu wakitaka kushikana mikono wanaambiwa kaeni mbalimbali!

— Hawakukatazwa kushikana mikono, — akajibu Refa. Alipuliza filimbi viwanjani ujana wake wote, na mpaka leo akitaka kusema huinua mkono kana kwamba ameshika kadi. — Wamekatazwa kuvaa jezi moja. Timu tatu kubwa za ligi zikivaa jezi moja, nani atacheza na nani? Uwanja wao, mpira wao, mabao yao.

— Fahali wawili hawakai zizi moja, — Shangazi alichangia huku akisuuza vikombe.

— Shangazi, hao ni watatu, — Antena alisema. — Methali haiwahusu.

— Watatu ndiyo kabisa! Zizi litapona?

Kinyozi alitabasamu, na tabasamu likamwishia usoni.

Marehemu mke wake alikuwa mshonaji wa mavazi ya waigizaji pale kituoni. Siku moja mwigizaji aliugua, mkuu wa tamthilia akaangaza huku na huku, akamwona amebana pini mdomoni, akamwambia: wewe, kaa dirishani, ucheke. Ndivyo alivyokuwa Jirani wa Dirishani, katika tamthilia iliyofanya maduka ya mtaa huo yafungwe mapema. Maneno hakupewa mengi. Kazi yake ilikuwa kucheka, na alicheka mpaka watu wakawa wanamsubiri yeye kuliko wenye hadithi yao. Kisha maradhi yakamchukua, na binti yao hata kutembea alikuwa hajaanza. Picha zake zipo kibandani juu ya kioo. Sauti yake haipo popote, maana zama zile nani mtaani alikuwa na chombo cha kurekodia? Binti amekua akiambiwa na kila mtu, “Unacheka kama mama yako,” naye huitikia kwa adabu, kama mtu anayesifiwa nyumba asiyowahi kuingia.

Mpango wa vituo kuungana ulipotangazwa, Kinyozi alikwenda kituoni kuulizia tamthilia ile. Mama wa mapokezi alimjibu kwa upole kwamba vipindi vya zamani vyote vitawekwa kwenye mtandao wa pamoja, kwa hiyo asubiri. Akarudi amefurahi, akanunua televisheni bapa kubwa, akaitundika sebuleni. Nailoni ya kiwandani iliyofunika kioo alikataa katakata kuibandua mpaka mkewe mwenyewe aonekane. Tangu siku hiyo baba na binti wanatazama taarifa ya habari kupitia nailoni, na watangazaji wote wana viputo usoni.

— Hapa kuna mkono wa mtu, — Antena alisema kwa sauti ya chini. — Zile setilaiti mnadhani zinatazama mawingu? Zinahesabu madishi. Mimi nikifunga dishi hapa, kuna mtu huko anajua.

— Anajua nini? — Refa aliuliza.

— Kwamba nimelifunga.

— Basi kamzidi mteja wako, maana yeye mpaka leo haoni picha.

— Cheka. Kesho hiyo Tume itakataza hata ndugu wawili kutazama televisheni moja. Watasema mmeungana, mmemnyima jirani ushindani.

— Na wangeruhusiwa je? — Refa aliinua mkono. — Mwanzo bure. Umeshanogewa, mpira kwa malipo. Halafu utabiri wa mvua kwa malipo, usipolipa unalowa. Mwisho watapiga picha harusi zote nchini, baba wa bibi harusi anafika mlangoni anaambiwa, mzee, kifurushi chako kinaishia kwenye kupokea wageni. Ukitaka kula, ongeza.

— Heri kulipa ukaona kuliko kutolipa ukakosa! Huyu hapa angelipa. Muulize kama asingelipa!

Antena alipokuwa ameshanyoosha koleo kumwonyesha Kinyozi ndipo alipogundua alichokifanya. Akalirudisha koleo mfukoni polepole.

— Ningelipa, — Kinyozi alisema. — Mimi habari za jezi sizijui. Nilitaka mwanangu asikie mara moja tu. Ningelipa chochote.

Refa alishusha mkono.

— Ndugu yangu, sikukusudia wewe.

— Najua.

— Sheria ni sheria hata inapomuumiza mtu mwema. Nimewahi kukataa bao huku machozi yananitoka.

— Najua, Refa.

— Subira yavuta heri, kaka, — Shangazi akasema, kwa kukosa la kusema.

— Nimeivuta, Shangazi. Nimeivuta mpaka imekatika.

Hapo ndipo binti yake alipotokea, anatoka kazini duka la dawa, amefuata ufunguo wa nyumba. Aliwaamkia wakubwa, wakaitikia, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Kuna msiba?

Antena alimweleza. Alianza na Tume, akapita kwenye setilaiti, akarudi kwenye Tume. Binti alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye bega la baba yake.

— Baba, ile tamthilia ya mama ilikuwa ya vituo vyote vitatu?

— Hapana. Ya hiki kimoja. — Alielekeza kidevu kwenye mnara.

— Kanda wanazo akina nani?

— Wenyewe.

— Na Tume imewakataza kuonyesha vitu vyao?

— Haijakataza, — Refa alidakia. — Kila mtu na jezi yake, aonyeshe apendavyo.

— Sasa walikuwa wanawasubiri wenzao kwa lipi?

Antena alifungua mdomo. “Unajua, setilaiti...” alisema, akaufunga. Refa aliinua mkono, ukabaki juu, hauna kadi. Shangazi aliacha kusuuza.

Kinyozi aliutazama mnara. Miaka yote amekaa benchi hilihili, uso umeuelekea mnara huohuo. Uchungu ulimpanda, na haukuwa wa Tume hata kidogo. Vituo vitatu vilikuwa vinasubiriana, na kicheko cha mkewe kiko kabatini kwa kimojawapo, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu. Na yeye mwenyewe alipoambiwa subiri, alikwenda akanunua televisheni ya kusubiria.

Shangazi aliinamisha birika na kumimina kikombe cha mwisho. Safari hii hakikumwagwa chini. Akampa binti kwa mikono miwili. Binti hanywi kahawa, akampa baba yake. Kinyozi alikimaliza amesimama, na benchi likayumba kwa kukosa uzito wake.

— Hawajafunga ofisi saa hizi?

— Bado, — Shangazi alisema. — Wahini.

— Yule mama wa mapokezi akisema nisubiri?

— Safari hii tuko wawili, — binti akamjibu.

Kinyozi alitoa taulo begani, akalitundika kwenye mlango wa kibanda. Wakaanza kushuka mtaa. Walipofika kwenye kona ya duka la viatu, binti alisimama.

— Baba, na tukikuta walishazifuta zile kanda?

Kinyozi alimshika mkono kama alivyomshika alipokuwa anajifunza kutembea.

— Tukirudi, — alisema, — tuibandue ile nailoni. Wakiwa nazo, wasiwe nazo, tuibandue.