Daftari la Waruguru

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Waruguru Gachau anastaafu baada ya miaka ishirini na minane kwenye kituo chetu cha kuangua vifaranga hapa Ruiru. Mimi Opiyo nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye nitakayerithi kaunta yake. Nimeuandika mara nne na kuuchana mara tatu, na sababu mtaiona.

Aliajiriwa Novemba 1997 kufunga masanduku ya vifaranga. Hakumaliza miezi miwili huko, maana alipiga gumzo na wateja zaidi kuliko alivyofunga masanduku, basi akahamishiwa mauzo. Hapo akaleta desturi yake: hakuna mteja aliyepewa risiti kabla ya kusema alitusikia wapi. Jibu liliingia daftarini, kila mahali na safu yake: kanisani, redioni, kwa jirani, na baadaye Facebook na WhatsApp. Mzee Githinji wa Kalimoni amenunua kwetu tangu 1999 na bado huulizwa. Kila mara hujibu kwa ukali, "Si ni kwako, Waruguru!" Naye huandika.

Mimi nilifika 2023 na simu nzuri na kiburi cha kutosha. Nilitufungulia kurasa kwenye kila mtandao niliousikia. Video yangu ya vifaranga wakihesabiwa huku muziki ukichezwa ilitazamwa mara laki tatu kwenye TikTok. Siku moja ya mauzo nilikaa asubuhi nzima nikijibu maoni ya watu wa Malindi, wa Doha, na dada mmoja aliyetaka kifaranga wa kupiga naye picha. Ilipofika saa sita mchana, vifaranga elfu moja mia mbili walikuwa wakilia ndani ya masanduku na hakuna aliyekuja kuwachukua. Vifaranga hawangoji mtu. Wakiangulika Jumanne, Jumatano wanapaswa kuwa kwa mwenyewe.

Waruguru aliniangalia akauliza, "Opiyo, hao laki tatu wanafuga kuku?" Kisha akafungua WhatsApp, akatuma ujumbe wa sauti kwa Kikuyu kwenye magrupu ya akina mama wa Witeithie na Kalimoni. Saa kumi jioni masanduku yalikuwa yameisha. Niliona haya hadi masikioni.

Hakunifungia TikTok, lakini. Alinikalisha na daftari wiki nzima, tukatafuta nani ananunua na alitokea wapi. Wafugaji wakubwa walitoka Facebook, wakiuliza maswali mengi kabla ya kununua. Akina mama walitoka WhatsApp na hawakuuliza chochote. Instagram ilikuwa na safu tupu, tukaifunga. Waruguru aliapa kwamba TikTok nayo itakuwa tupu, kumbe vijana wa Kiuu wanaofuga kuku kumi kumi kwenye vibaraza vya nyumba za kupanga walitoka huko wote. Alikubali ameshindwa, akaniagiza nirekodi kila wiki jinsi ya kuwapa vifaranga joto. Yeye mwenyewe ndiye anayeonekana kwenye video hizo, leso kichwani, akigombeza taa.

Sasa nije kwa kilichoninyima raha na kunifanya niuchane wasifu huu. WhatsApp yetu tuliianzisha 2014 kwenye laini yake binafsi, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tulikuja kushtuka mwezi Septemba: wateja zaidi ya elfu mbili walikuwa karibu kwenda nyumbani ndani ya mkoba wa Waruguru. Tukatangaza namba mpya. Wiki tatu zikapita, wakahama kumi na mmoja. Wengine walijibu, "Sawa. Lakini Waruguru yuko?" Mayai yalikuwa tayari kwenye mashine. Nilihesabu siku na kukonda.

Jumatatu alinipita bila kunisalimu. Alikwenda Thika na meneja wetu, Bi. Kavata, wakaibadilisha laini ile ikawa ya kampuni. Aliporudi aliiweka simu juu ya kaunta pamoja na chaja yake iliyofungwa selotepu. Aliniambia tu kwamba Mzee Githinji hasomi ujumbe, apigiwe.

Jana namba nisiyoijua iliandika kwenye simu hiyo: "Ni Waruguru. Niwekee hamsini Jumanne ijayo." Nikamjibu haraka kwamba watakuwepo. Dakika haikuisha. "Na mbona hujaniuliza nilisikia wapi?"

Nikamuuliza. Akajibu, "Andika: kwa Opiyo."

Safu hiyo haikuwepo. Nimeichora kwa rula, na jina lake ndilo la kwanza.

Waruguru, asante kwa niaba yetu sote. Upumzike vyema, kuku wako watage, na mwewe wa Kalimoni wasilione boma lako huko. Hamsini wako watakuwa tayari Jumanne. Uje mapema, na ujue nitakuuliza tena.