Buyu Langu Lililosukwa Nywele

Malama Hansatu Garba anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha darasa la kina mama hapa Tudun Wada, Zaria. Wenzake wameniachia mimi niandike, na wamefanya vizuri: nauza kosai, bajia zetu za kunde, langoni tangu darasa lifunguliwe, na mwalimu huyu nimemzaa mwenyewe.

Alikuta wanawake wanaosoma sura kwa sauti tamu, lakini akitaja josho la janaba, wote wanatazama mkeka. Hansatu wangu hakuzaliwa na aibu hiyo. Alifundisha kuanzia nia mpaka kusugua nyuma ya magoti na ndani ya kitovu. Siku ya kitovu walicheka hadi wateja wangu wakaacha kosai wakaenda kuchungulia.

Humo alikuwemo Lantana, bi harusi mpya. Mama mkwe wake alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba atamrudisha kwao, maana haonekani akisali. Hansatu akamwita Lantana pembeni, na kisa, ambacho mwenyewe ameniruhusu nikiseme, kikatoka: aliamini kila josho ni lazima afumue misuko yote. Nyumba ile imejaa mawifi. Akifumua asubuhi, wote wanajua ya usiku. Basi akawa haogi josho, na bila josho hasali.

Mwanangu hakumtaja mtu. Alikuja kwangu akabeba buyu langu kubwa la kupigia rojo la kunde, wala hakuomba. Akalifunika kitambaa cheupe, akakipaka unga mkavu wa hina, akashonea juu misuko ya uzi mweusi. Darasani akamimina maji, akaiminya misuko kwa vidole, kisha akaitenganisha. Hina yote ilikuwa imelowa hadi kwenye mashina.

"Mmeniona nikifumua?" akauliza. "Maji yakifika kwenye ngozi, yametosha. Lakini mkikaza nyuzi hadi maji hayapiti, mtafumua, na msinisingizie mimi!"

Lantana akasimama. "Malama, kumbe ni hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kaa, somo halijaisha."

Hakukaa. Alasiri ile mama mkwe wake alimkuta juu ya mkeka wa sala, mtandio umelowa shingoni. Habari za kurudishwa kwao zikafa hapo.

Leo watu wanatoka Kaduna kuwaleta mabinti zao kwa Hansatu kabla ya harusi. Vyeti vyake viko sebuleni kwangu, nimevitundika mlangoni kabisa, hakuna mgeni anayevikosa.

Na buyu? Nimelidai miaka yote hii. Aliposema anastaafu, nikajua sasa narudishiwa. Kumbe darasa anaachiwa Lantana, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Juzi nimemkuta ameketi uani, amelipakata buyu, analisuka upya. Nikapitiliza hadi sokoni, nikanunua jingine.

Hansatu, wenzako wote wanakushukuru. Pumzika, mwanangu, uone siku njema nyingi. Kosai zako nimezifunika, ziko moto.

Mama yako, Delu wa langoni