Hatua ya Ishirini na Tisa ya Mfumo wa Mafaili

Mgeni rasmi, uongozi wa zahanati na wageni wote, shikamooni.

Sisi wahudumu wa masjala ya Zahanati ya Kilimani Juu, hapa Goba, tumefurahi kukuona umepanda mlima wetu kuja kuzindua mfumo wa kompyuta wa kutunza mafaili ya wagonjwa.

Historia ya mradi

Mradi ulianza Machi kwa kupanga siku ya leo, maana ndiyo siku ambayo ratiba yako ilikuwa na nafasi. Ikafuata kamati, kisha jina la mfumo, kisha fulana hizi tulizovaa. Mpango una hatua hamsini na zote zina tarehe.

Mafanikio

Fulana zimetutosha. Kuhusu mfumo wenyewe, tulielekezwa tueleze unavyotusaidia. Tulipouliza utafanya nini, msimamizi wa mradi, Bwana Brightson, alitujibu kwa upole: "Hiyo ipo kwenye mpango, ndugu zangu. Hatua ya ishirini na tisa, Februari mwakani." Kwa hiyo sehemu hii ni fupi.

Changamoto

Mafaili yanapita elfu nne. Mtoto huandikishwa kwa jina la baba, akirudi ana la ubatizo, na kadi imepotea. Anayeweza kulipata faili lake ni mmoja tu, Mama Rosalia, aliyekaa dirishani miaka ishirini na sita. Hajaandika popote anavyofanya. Humuuliza mzazi maswali matatu manne, kisha yeye huelekea rafuni moja kwa moja.

Agosti, mtoto Fransis alikuwa anakaribia kuchomwa penisilini, dawa iliyowahi kumlaza hoi. Faili lenye onyo lilikuwa kwa jina la bibi yake. Mama Rosalia alilileta mbio na sindano ikarudishwa mezani. Tuliogopa sana siku ile. Bado tunaogopa, kwa sababu Mama Rosalia anastaafu Ijumaa hii.

Maombi

Hatuombi kompyuta nyingine. Tunaomba hatua ya ishirini na tisa ifanyike sasa: Bwana Brightson akae dirishani na Mama Rosalia, aandike anachouliza na kwa nini anauliza, ndipo waamue cha kutengeneza. Ukiridhia, utepe usikatwe leo. Tutakualika tena, na fulana tutazifua.

Leo ni Jumanne. Mama Rosalia hayupo hapa chini ya turubai. Yuko dirishani, kuna foleni.

Mungu akujalie afya, akushushe mlima salama.

Ni sisi,
Wahudumu wa Masjala, Zahanati ya Kilimani Juu.
Imesomwa na Noela, kwa niaba yao.