Fundi Tambi Hakufa kwa Njaa

Kabla ya lolote, familia inapenda ieleweke kwamba marehemu hakufa kwa njaa, wala mkewe hakumnyima chakula. Wanaonong'ona hivyo wamekaa hapa hapa, kwenye viti vya familia.

Marehemu alizaliwa Machi 1953, kitinda mimba wa mwashi na mkunga. Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, alikokuwa wa kwanza katika kuchomelea vyuma na wa mwisho katika kuimba.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha tambi, akapanda hadi msimamizi wa chumba cha kukaushia, ambako tambi huning'inizwa kwenye fito kama nguo zilizofuliwa. Tambi zake hazikukatika, ndiyo maana akaitwa Fundi Tambi. Mwaka 1979 alimwoa mwalimu wa jiografia.

Alipostaafu alikutwa na kisukari. Daktari akamkataza tambi. Walipofika mlangoni alimgeukia mkewe.

"Mwalimu, nitazitengeneza bila ngano."

"Za nini sasa, Baba?"

"Za chochote kinachokatwa."

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Alikata matango na kabichi nyembamba kama nyuzi, na kwa mazoea ya kazini akazianika kwenye fito sebuleni. Tambi za ngano hukauka, tango huchuruzika. Maji ya kijani yalidondokea makochi, picha ya harusi, na bega la mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza. Kabichi ilichacha, ikanuka kama soksi zilizosahauliwa ndani ya kiatu kilicholowa. Kisha akaleta nyuzi nyeupe za mzizi wa kigeni, telezi, zenye shombo la samaki. Jirani alichungulia dirishani zikioshwa kwenye kichujio, akapiga yowe: "Jamani! Mzee wa watu analishwa minyoo!"

Uvumi wote ulianzia kwenye kichujio kile.

Ukweli ni kwamba mkewe hakupika hata uzi mmoja wa uchafu ule. Alizimeza tu, amebana pumzi, kwa sababu aliyezitengeneza alikuwa akimtazama.

"Zimekaaje, Mwalimu?"

"Zimekaa kooni."

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, akamwongezea.

Mwaka jana figo zake zilishindwa. Madaktari walipokiri kwamba hawana la kufanya zaidi, alirudishwa nyumbani, akaomba chakula kimoja tu. Mkewe aliwatoa watu wote jikoni, akafunga mlango. Sahani ilirudi tupu. "Hizi hazijakatika," marehemu alisema, akalala. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni mwaka huu, akiwa ameshiba.

Ameacha mjane, binti mshonaji, mwana fundi umeme, wajukuu watano, na fito zake, ambazo zimeshatupwa. Mungu amlaze mahali pema, tena pakavu.

Kilichokuwa kwenye sahani ile ni cha mume na mke. Mjane hatakisema leo, wala kesho, wala jirani asijisumbue kubisha hodi.