Nyota za Kunyamaza

Benchi lile liko kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa kinyozi, na mguu wake mmoja ni tofali. Kila alasiri kazi ikipungua, wenyewe hukaa hapo: Gundi, fundi viatu, ambaye akikasirika habanduki, Kinyozi, anayejua kila kitu, na robo yake ndiyo kweli, Mwalimu Chaki, mstaafu, ambaye mpaka leo akiongea huandika hewani kwa kidole, na Bibi Birika, anayewauzia kahawa na kuwakatiza wote bila kuomba radhi. Siku hiyo Gundi hakukaa. Alisimama na nyundo mkononi, mishipa imemtoka shingoni.

— Kesho naenda shuleni kuung'oa ule ubao! Wallahi naung'oa!

— Ubao gani tena, baba? — aliuliza Bibi Birika, akimimina.

— Wa nyota! Mwalimu wao kaubandika ukutani. Mtoto asiyefungua mdomo mpaka aruhusiwe, anapewa nyota. Anayeulizauliza, yake inabanduliwa. Binti yangu ndiye anayeongoza. Nyota thelathini na nane!

— Hongera, — alisema Kinyozi. — Haba na haba...

— Hongera ya nini, we! Jana niko uani, sufuria inaungua jikoni, moshi mpaka dirishani. Nakimbia ndani, namkuta kasimama mlangoni, kainua mkono. Kainua mkono, jamani! Mtoto wa miaka tisa, kwao, anangoja ruhusa ya kusema moto!

Mtoto huyo walimjua. Mwaka jana tu, akitoka shule alikuwa anakalia sanduku la vifaa la baba yake na kumwaga maswali mpaka wateja wanasahau walichofuata. Siku hizi anapita, anaamkia, anaingia ndani. Gundi alipowaza hivyo, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kulia mbele ya watu, aliigonga nguzo ya kibanda nyundo moja ya nguvu.

— Kitaalamu hakuna la ajabu, — alisema Mwalimu Chaki. — Kitendo kikituzwa hurudiwa, kisipotuzwa hufifia. Chukua mbwa. Ukimpigia kengele kila ukimletea chakula, siku moja utapiga kengele tupu na mate yatamtoka.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, — alidakia Kinyozi.

— Hiyo inamhusu nini mbwa?

— Kwani mbwa hagaagai?

— Kwa hiyo mwanangu ni mbwa, Mwalimu? — Gundi alimsogelea.

— Sijasema hivyo. Nimesema kanuni ni ileile.

— Kanuni ileile! Na mkia umemwotea?

— Msimkaripie, anasema kweli, — Kinyozi aliweka kikombe chini. — Mimi nilianza kuwapa peremende watoto wanaolia kwenye kiti changu, ili wanyamaze. Mnajua sasa hivi ikoje? Wanaanza kulia wakiwa barabarani! Juzi limekuja jitu zima lina ndevu, limekaa, likanikunjia uso. Nikalipa peremende.

— Hilo ni lako na ujinga wako, — alisema Bibi Birika. — Mtoto si chombo cha kubonyeza. Ana mtu ndani, anawaza, anaumia.

— Ndani hakuonekani, Bibi, — Chaki aliandika hewani. — Wenye fani yao wanapima kinachoonekana. Mkono umeinuka, au haukuinuka. Basi.

— Basi?! — Gundi alifoka. — Mkono umeinuka, nyumba ingeteketea, na kwenye daftari lenu kafaulu! Miaka thelathini umefundisha, Mwalimu, na hilo ndilo ulilotoka nalo?

— Mimi sikuwa na nyota. Nilikuwa na fimbo.

— Eti anajisifu!

Kinyozi alisimama kabisa, jambo likamkolea.

— Sikilizeni, hili ni kubwa kuliko shule. Umeme ukikatika siku tatu halafu ukarudi, mtaa mzima unafanyaje? Unapiga vigelegele! Tunashangilia taa yetu wenyewe! Tumeshafundishwa, ndugu zangu. Kesho watakata hewa, wairudishe saa kumi, na sisi tutapiga makofi. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi tumekunjwa tukiwa wazee!

— Mimi hewa siijui, — alisema Gundi, jasho linamtiririka. — Mimi namtaka mwanangu na maswali yake. Walikuwa na haki gani kumnyang'anya? Yalikuwa yake! Kesho nitasimama mbele ya yule mwalimu, nimwambie nirudishie, moja moja!

— Hapo sasa! — alisema Bibi Birika. — Na mimi nakusindikiza.

Kulikuwa na mama mmoja pale, mgeni wa mtaa, kaleta ndala iliyokatika mkanda. Muda wote alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akisubiri zamu yake kwa adabu.

— Samahani, kaka, — alisema. — Alikuwa anauliza nini?

— Nani?

— Huyo mtoto. Hayo maswali yake. Nitajie moja tu.

Gundi alifungua kinywa. Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Mwalimu Chaki.

— Yalikuwa mengi sana, — alisema Kinyozi.

— Moja tu.

— Kulikuwa na lile la... lile kuhusu... — Mwalimu Chaki alinyoosha kidole hewani, na kidole kikabaki pale bila kuandika kitu. Bibi Birika, ambaye hajawahi kukosa neno, alianza kufuta vikombe vilivyokuwa safi.

Gundi aliiweka nyundo chini, akakaa.

— Nakumbuka nilichokuwa namjibu, — alisema, sauti imeshuka.

— Ulikuwa unamjibuje?

— Nilikuwa namwambia anyamaze, nina kazi.