Bi Mwanamkuu Ateremshwa Dunguni

Benchi letu liko Kibiti, mbele ya duka lililofungwa zamani, pale basi la Utete linaposimama kupoza injini. Mtoro huleta dele la kahawa, sisi tunaleta midomo. Asubuhi ile tulikuwa wanne mbali na Mtoro. Shaabani, tunayemwita Gazeti kwa sababu habari zake hufika zimeshachakaa. Huseni, tunayemwita Karani tangu alipofanya ukarani kwa jumbe wiki mbili akafukuzwa. Dadi, ambaye hana jina la utani kwa kuwa hasemi vya kutosha kulipata. Na mimi Mfaume, nisemaye kupita kiasi. Karani alikuwa ameshika barua ya Mwalimu Abdala wa Dar es Salaam, yule ambaye serikali ya Mwingereza ilimpeleka Ulaya akasomea wazee, na sasa anawafundisha wenzake namna ya kuwatunza. Barua ilimhusu Bi Mwanamkuu, shangazi yake Dadi, ambaye mwaka jana alichukuliwa kupelekwa kwenye Nyumba ya Wazee aliyoifungua huyo Mwalimu.

Karani: Nasoma, nyamazeni. “Bibi anakula kidogo mno. Hasemi na mtu. Ugali anaopewa anaufinyanga vidonge, anavitia kwenye kitambaa alichokichana shukani, kisha anawavurumishia kunguru uani. Wauguzi wamemwandika kwamba amerukwa na akili.”

Dadi: Ya Rabi.

Gazeti: Si nilisema? Vile vitanda vya chuma! Mtu kalalia kitanda cha kamba maisha yake yote, leo unamlaza juu ya chuma? Chuma kinavuta akili, inashukia miguuni.

Karani: Chuma wapi, bwana. Maji ya bomba yale. Yanapita gizani chini ya ardhi, mtu akiyanywa anaanza kusahau.

Gazeti: Haya, niambie wewe uliyekuwa karani. Mtu anasomeaje wazee? Mzee ana kurasa?

Karani: Hujui kitu. Wakubwa wa Ulaya wanatafuta miaka. Wanawakusanya wazee wetu, wanawaandika umri, mzee akifa miaka iliyobaki inapakiwa melini.

Mtoro: Inapakiwa ndani ya nini?

Karani: Magunia. Nimeyaona kwa macho yangu bandarini.

Gazeti: Yamejaa?

Karani: Mengine nusu.

Mimi: Hebu mtuondolee upuuzi! Anaamia ndege yule. Kuna mtu hapa asiyejua kwamba anaamia ndege?

Walijua, ila kusema habari za magunia ni rahisi zaidi. Kwetu bondeni, mpunga ukianza kutoa masuke, watu wote hushuka mashambani. Katikati ya mpunga tunajenga dungu, kibanda cha juu ya miti mirefu, na mtu hukaa huko kutwa na kombeo lake na vidonge vya udongo, anawafukuza ndege, ndiko kuamia huko. Dungu la katikati ni la mzee wa nyumba. Yeye ndiye anayejua ndege watatokea upande gani, na ukimnyima ananuna asile. Mwaka jana Mwalimu Abdala akaja na daftari lake, akamkuta Bi Mwanamkuu huko juu anapiga kelele peke yake. Lo! Akatusuta mbele ya jumbe. Ajuza wa miaka sabini na kitu, jua lote hili, hamna huruma? Akasema kazi yake yote amefundisha kwamba mzee apumzishwe. Na sisi, Mungu atusamehe, tukaona haya. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba bibi yule ukienda kumpokea zamu anakutwanga kidonge cha mgongo. Mtu kavaa viatu, anazungumza kwa vitabu, tukamwogopa. Dadi akatia dole gumba kwenye karatasi ya kukubali achukuliwe.

Dadi: Alipokuwa juu ya gari aliniita. Akaniuliza, “Dadi, nimekukosea nini?”

Gazeti: Ukamjibu nini?

Dadi: Nilimwambia anakwenda kupumzika. Mama yangu kafa nikiwa sijaota meno, yeye ndiye aliyenilea, nami nikamwambia akapumzike.

Mtoro: Basi mwandikieni Mwalimu amrudishe. Mpunga unatoa wiki hii hii.

Dadi: Arudi wapi? Shamba lake nimempa shemeji yangu wa Chumbi. Nilisema hatarudi tena, magugu yataota bure.

Karani: Ee! Shamba la shangazi yako?

Dadi: Nilisema hatarudi.

Gazeti: Lakini chumba chake kipo.

Karani: Kipo, kina mbuzi wako watatu.

Gazeti: Kwa muda tu! Mvua ilikuwa kubwa. Wewe kinu chake si unatwangia?

Karani: Kinu kikikaa bure kinapasuka.

Mtoro: Na dungu? Mfaume, mbona umeinama?

Mimi: Miti yake nimejengea banda la kuku.

Nilitamani mtu anitukane, ningejua la kujibu. Mtoro alitujazia vikombe bila kuulizwa, na hapo likaja gari la serikali, likasimama mbele yetu, akashuka Mwalimu Abdala. Amekonda yule bwana.

Mwalimu: Asalaam aleikum.

Sote: Waaleikum salaam. Karibu Mwalimu.

Mwalimu: Sikungoja majibu ya barua. Juzi bibi kampiga kunguru kwa kidonge cha ugali, kamwangusha, halafu akacheka. Kicheko cha kwanza tangu nimchukue. Nikamuuliza mpishi wetu, mtu wa Ngorongo, huku huku bondeni kwenu, akanieleza mambo ya dungu. Kwa nini ninyi hamkuniambia?

Karani: Mwalimu, wewe ni msomi.

Mwalimu: Mwaka wa kumi na mbili huu nafundisha. Wanafunzi wangu wametapakaa mpaka Tabora, na wote nimewaambia mzee akalishwe, asifanye kitu. Nimewakalisha wangapi mimi? Usingizi sipati.

Dadi: Shangazi anaendeleaje?

Mwalimu: Muulize mwenyewe. Nimemleta.

Akafungua mlango wa gari. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kiti cha mbele, kaniki yake imempwaya, mapajani ana kile kitambaa cha shuka alichokipindapinda kikawa kombeo. Tukainuka sote.

Sote: Shikamoo, bibi.

Bi Mwanamkuu: Marahaba, marahaba. Dadi, mpunga umetoa?

Dadi: Umetoa, shangazi.

Bi Mwanamkuu: Na mko hapa mnakunywa kahawa? Nani yuko dunguni kwangu?

Dadi akamtazama Gazeti. Gazeti akamtazama Karani, Karani akanitazama mimi, nami nikaangalia kikombe. Mwalimu alitugeukia naye akitaka kusikia. Jibu tulikuwa nalo sote, na bibi alikuwa amekwisha kuteremsha mguu mmoja chini, anangoja tumwambie.