Leonia Sichalwe, Mama Aliyetokea Kwenye Kioo

Baada ya miaka kumi na tisa ya kufua, kupokea wageni, kupiga picha na kugombana na baridi, Leonia Sichalwe, ambaye wote tunamwita Mama Flavian, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Muda wote huo amefanya kazi kwa familia moja, ya Mzee Halfani. Wenye elimu walipewa kwanza nafasi ya kuandika wasifu huu, wakaandika kama risala ya mwenge. Munira, binti wa Mzee, aliusoma akapiga miayo, akampa kazi mchota maji, yaani mimi Nyanda. Mwenye kutaka maneno makubwa asubiri hotuba ya mgeni rasmi.

Mama Flavian alianza kama mfuaji wa mashuka kwenye gesti ya Mzee, karibu na stendi. Kufua mashuka Sumbawanga mwezi wa saba ni adhabu. Sisi tuliotoka Usukuma tulidhani baridi inakaa kwenye jokofu tu. Shuka likianikwa asubuhi, mchana linasimama lenyewe kama bati, na bado ni bichi. Yeye aliyamalizia kwa pasi ya mkaa huku akiwasema wageni waliolala na viatu. Hakuwasengenya. Aliwasema usoni, wakiwa wanakunywa chai yake.

Mzee alipochoka, biashara ikaenda kwa Munira. Yeye akaifunga gesti, akatengeneza nyumba mbili za mtaa wa Kizwite ziwe za kupangisha kwa siku. Mgeni anaziona kwenye simu akiwa kwao, anachagua, anakuja. Mjomba wake Ridhiwani, mfanyabiashara wa mahindi, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Yeye nyumba zile alizitaka ziwe maghala.

"Gunia halidai maji ya moto," alisema, "wala haliandiki malalamiko."

Wakakubaliana hivi: wanunuzi wa mahindi wakianza kufika mjini na nyumba bado hazina watu, zinajazwa magunia. Maana yake Mama Flavian anarudi kijijini na ndoo yake, na sisi wengine tunamfuata nyuma. "Mimi siwezi kuyatandikia mahindi mashuka," alituambia jikoni, na siku hiyo hakutania.

Kazi ya picha akapewa yeye, kwa kuwa ndiye aliyeshinda mle ndani. Hapo ndipo tulipokaribia kufa njaa. Alifunga mapazia jua lisichujue makochi. Akavalisha vitambaa vya kufuma kila kitu, pamoja na televisheni na jiko la gesi. Kitanda alikataa kabisa kukipiga picha. "Kitanda cha mtu ni aibu yake," alisema. "Nani anamwonyesha mgeni kitanda kabla hajamsalimia?" Basi mtandaoni zikapanda picha sita, zote za kochi lilelile gizani. Watu wakaandika kuuliza kama wageni wanalala kwenye kochi. Akajibu: "Karibuni sana." Aliyekuja ni fundi mmoja wa minara ya simu, na alikuja na godoro lake.

Munira akampeleka kwenye semina ya wenye nyumba za kupangisha. Mwalimu alikuwa kijana wa Mbeya mwenye suruali fupi, siku ya upepo. Alitetemeka, lakini alifundisha vizuri. Fungua mapazia. Mwanga wa dirisha uwe nyuma yako, si nyuma ya kitanda. Simama pembeni ya chumba, simu usawa wa kifua, ili chumba kionekane chote. Ondoa ndoo na kandambili. Onyesha bafu. Anayeuliza mjibu upesi, na mjibu ukweli. Mama Flavian aliyashika yote.

Asubuhi ya kesho yake akatii kila neno. Alifungua mapazia, akatandika kitanda mpaka ukaogopa kukikalia, akasimama pembeni, akapiga. Kitanda kilitoka kizuri kama cha bibi harusi. Tatizo ni kwamba pembeni palikuwa na kabati lenye kioo kirefu, na yeye kwa baridi alikuwa amejitanda shali jeusi kuanzia kichwani, uso wote umefunikwa, limebaki tundu la jicho. Katika kioo akaonekana mtu mweusi tii, hana uso, mkononi ana kitu kinachowaka.

Picha hiyo ingekuwa ya Moshi au Tanga, watu wangecheka. Lakini ni ya Sumbawanga, mji ambao jina lake tu linawafanya watu wa Dar es Salaam waanze kusali wasirogwe. Maswali yakamiminika: nani huyo kwenye kioo? Mama Flavian akajibu upesi, na akajibu ukweli kama alivyofundishwa: "Ni mwenyeji. Yupo humo kila siku. Atawapokea."

Msafara mzima wa harusi kutoka Mbeya, uliokuwa umekwisha kuzishika nyumba zote mbili, ukajitoa kabla ya chakula cha mchana.

Munira alifika mbio. "Shikamoo, Mama Flavian. Umewaambia watu nini?"

"Marahaba. Nimewaambia ukweli, mwanangu. Mwenyeji hajifichi."

"Umefunika uso wote!"

"Kulikuwa na baridi."

Na Ridhiwani naye hakukawia, maana wanunuzi wa kwanza wa mahindi walikuwa wamekwisha kuonekana stendi. Aliingia na futi, akachuchumaa katikati ya chumba, akaanza kupima magunia mangapi yataenea. Mama Flavian alimtazama. Alikwenda jikoni akachukua birika linalofuka, akavua shali, akasimama mbele ya kioo kilekile na kucheka na mapengo yake yote, akapiga. Nyuma yake alionekana Ridhiwani amechuchumaa na futi, makalio kwenye kamera. Chini ya picha akaandika: "Huyu ndiye mliyemwogopa. Anaitwa Mama Flavian na ana maji ya moto. Huyo wa nyuma anapima kama mtaenea."

Picha hiyo ilizunguka nchi nzima kuliko mahindi. Watu wa harusi walirudi, safari hii wakiwa wengi zaidi, na bibi harusi alitaka apigwe picha na mama wa kwenye kioo kabla ya picha na mumewe. Wakafuata wengine. Mahindi ya Ridhiwani yalitafutiwa ghala Matai, na mpaka leo vijana wa stendi wakimwona wanamuuliza: "Mjomba, tunaenea?"

Tusimfanye malaika. Munira alinunua kisanduku cha namba ili mgeni achukue ufunguo mwenyewe. Mama Flavian aliona hilo ni matusi, kwa hiyo alikuwa anajibanza nyuma ya ukuta, na mgeni akibonyeza namba ya mwisho anamtokea: "Karibuni!" Wawili walikimbia, mmoja hadi barabarani. Na ule msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu, yeye aliufuata. Vitunguu vya uani vilipaliliwa na daktari wa mifugo aliyekuja kupumzika. Daktari aliondoka na malengelenge na sifa tele, nami nilipumzika siku nzima. Kwa hilo namshukuru kutoka moyoni.

Sasa anateremka Milepa kwa mwanawe Flavian, bondeni kwenye joto. Sherehe hii, kama mnavyoona, tunaifanyia uani, sahani mapajani na makoti mwilini, mgeni rasmi akiwa miongoni mwetu. Ni kwa sababu nyumba zote mbili zimejaa. Munira alitaka kuwakatalia wageni wa leo ili tukae ndani, lakini mstaafu mwenyewe alikataa.

Mama Flavian, asante kwa chai, kwa ukali, na kwa kazi ambayo bado tunayo. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wenye adabu. Ndugu wote mliopo, tusimame tumpigie makofi. Tuyapige taratibu tu: wageni wa chumba cha mbele wametoka safari, wamelala.